Kuufuata Uchafu Chini ya Ardhi: Jinsi Hesabu za Haraka Zinavyosaidia Kuyalinda Maji ya Visima

Mwaka 1954 wakulima waliokuwa na mashamba kaskazini-mashariki ya mji wa Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, waliona mimea yao ikinyauka na kufa ingawa ilikuwa ikimwagiliwa maji. Maji hayo yalivutwa kwa pampu kutoka katika visima vifupi. Uchunguzi ulipofanywa ilibainika kwamba kilichoiua mimea ni maji yenyewe.

Karibu na mashamba hayo palikuwa na kiwanda cha jeshi kiitwacho Rocky Mountain Arsenal, kilichojengwa mwaka 1942 kwa ajili ya kutengeneza silaha za kemikali. Baadaye sehemu ya kiwanda hicho ilitumiwa pia kutengenezea dawa za kuulia wadudu. Tangu mwaka 1943 hadi mwaka 1956 maji machafu ya kiwanda, yenye kloridi nyingi, yalimwagwa katika mabwawa yaliyochimbwa ardhini bila ya kutiwa sakafu yoyote. Yakapenya polepole, yakafikia tabaka la mchanga na kokoto linalohifadhi maji chini ya ardhi, kisha yakachukuliwa na maji hayo kuelekea mto South Platte. Mwaka 1956 lilijengwa bwawa jipya lenye sakafu ya lami. Lakini uchafu uliokwisha kuingia ardhini uliendelea na safari yake, na eneo lililoathirika lilikuwa la maili nyingi za mraba.

Sasa maswali yakawa haya: Uchafu uko wapi leo? Utafika wapi baada ya miaka kumi? Je, tukifunga kisima hiki na kuchimba kingine kule, tutakuwa tumeukwepa au tutauvuta uje upesi zaidi? Hakuna awezaye kuyajibu kwa kutazama, maana jambo lenyewe liko chini ya ardhi, na kila tundu linalotobolewa ili kuchukua sampuli hugharimu fedha nyingi na kutuonyesha mahali pamoja tu. Njia iliyobaki ni kuhesabu. Mwaka 1977 mtaalamu Leonard Konikow wa Idara ya Jiolojia ya Marekani alichapisha hesabu zake zilizofuata mwendo wa kloridi mahali hapo kwa muda wa miaka 30. Katika makala haya tutaeleza hesabu za namna hiyo hufanywaje, kwa nini huchukua muda mrefu, ni mbinu gani zilizobuniwa kuziharakisha, na kwa nini baadhi ya hesabu za haraka hutoa majibu ya kupotosha.

Kwanza hatuna budi kuelewa maji hupitaje chini ya ardhi. Si kweli, kama wengi wanavyodhani, kwamba chini ya miguu yetu kuna mito na maziwa ya gizani. Mambo kama hayo hupatikana katika miamba ya chokaa yenye mapango, lakini mahali pengi maji hukaa katika nafasi ndogo ndogo zilizo baina ya punje za mchanga. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa urahisi. Chukua lita moja ya mchanga mkavu katika chombo cha kioo, kisha mimina maji taratibu hadi yaonekane usoni mwa mchanga. Utakuta chombo kilichoonekana kimejaa kimepokea kiasi cha theluthi moja ya lita, au zaidi, ya maji. Sehemu hiyo ya nafasi tutaiita uwazi wa mchanga.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeujengea mji wa Dijon mfumo wa maji, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa kupitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga. Aliona kwamba kiasi cha maji kinachopita hulingana na tofauti ya kimo cha maji baina ya ncha mbili za mchanga, ikigawanywa kwa urefu wa mchanga wenyewe. Uhusiano huo huzidishwa kwa tarakimu inayotegemea mchanga, yaani upenyezaji wake. Kokoto hupitisha maji kwa wepesi, mchanga laini kwa shida, na udongo wa mfinyanzi karibu haupitishi kabisa.

Tuchukue mfano. Tuseme upenyezaji ni mita 10 kwa siku, na uso wa maji ya ardhini hushuka mita 5 katika kila kilometa moja, yaani mteremko wa 0.005. Zao lake ni 0.05. Lakini maji hayapiti katika eneo lote, hupita katika nafasi zilizo wazi tu. Kwa hiyo tukiwa na uwazi wa 0.25 tutagawanya 0.05 kwa 0.25 na kupata mwendo wa mita 0.2 kwa siku. Kwa mwaka hizo ni mita 73. Kisima kilicho umbali wa kilometa 5 kitafikiwa baada ya miaka 68 hivi. Hapa msomaji aona ubaya wa uchafu wa ardhini: aliyeumwaga aweza kuwa amekwisha kufa wakati mjukuu wa jirani yake anapoanza kuunywa. Na ukisha kuingia, hauondoki upesi kuliko ulivyoingia.

Kama ardhi ingekuwa ya namna moja kila mahali, hesabu ingekuwa imekwisha. Lakini upenyezaji hubadilika kutoka mahali hadi mahali, visima huvuta, mvua na mifereji huongeza, na kando ya tabaka kuna mwamba usiopitisha maji. Zaidi ya hayo, uchafu hausafiri kama gunia moja lililofungwa. Njia baina ya punje ni za kupinda-pinda, nyingine pana na nyingine nyembamba. Chembe moja hutangulia na nyingine huchelewa, na doa la uchafu hutawanyika kadiri linavyosonga. Hali hii huitwa mtawanyiko. Mwanahisabati aweza kuyaandika yote hayo katika milinganyo miwili mifupi, mmoja wa kimo cha maji na mmoja wa ukolezi wa uchafu, lakini hawezi kuitatua kwa kalamu isipokuwa katika hali chache zilizo rahisi mno.

Ndipo hutumiwa njia ya visanduku. Ramani ya eneo hugawanywa katika miraba kama karatasi ya hesabu, na kila mraba hupewa kimo kimoja cha maji na ukolezi mmoja wa uchafu. Muda nao hukatwa vipande vipande. Kisha kwa kila kisanduku huandikwa hesabu kama ya duka: kilichoingia kutoka kwa majirani wanne, toa kilichotoka, sawa na kilichoongezeka ndani. Katika hesabu ya Konikow kila kisanduku kilikuwa na upande wa futi 1,000, yaani mita 300 hivi.

Sasa tuone kazi yenyewe ni kubwa kiasi gani. Eneo lenye visanduku 100 kwa 100 lina visanduku 10,000, na kwa hiyo milinganyo 10,000 iliyofungamana, maana kimo cha kila kisanduku hutegemea cha majirani zake. Mwanafunzi wa sekondari amekwisha kujifunza kutatua milinganyo miwili au mitatu kwa kuondoa herufi moja baada ya nyingine. Njia hiyo hiyo ikitumiwa kwa milinganyo N, huhitaji kuzidisha mara N×N×N/3 hivi. Kwa 10,000 tunapata bilioni 333. Mashine yenye uwezo wa kufanya hesabu milioni moja kwa sekunde, na mashine ya namna hiyo ilikuwa kubwa katika miaka ya 1970, ingehitaji karibu siku nne mchana na usiku kwa hatua ya kwanza tu ya muda. Na sisi twataka miaka 30.

Mtu aweza kusema kwamba kompyuta za leo ni za kasi mara maelfu, basi shida imekwisha. Sivyo. Tukipunguza upande wa kisanduku kwa nusu ili tuone vizuri zaidi, idadi ya visanduku katika ramani huongezeka mara 4, na hatua za muda nazo hatuna budi kuzifupisha; kazi ya kusogeza uchafu huwa mara 8. Tukihesabu na kina cha ardhi pia, huwa mara 16. Tamaa ya kuona vizuri humaliza upesi kasi yote iliyoongezwa na mafundi wa mashine. Kwa sababu hiyo maendeleo makubwa katika fani hii yametokana na hesabu zenyewe sawasawa na yalivyotokana na mashine, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya sehemu hiyo ya hesabu haisifiwi inavyostahili.

Mbinu ya kwanza yatokana na kuona kwamba milinganyo yetu 10,000 ina herufi chache mno. Kila mmoja una tano tu: kisanduku chenyewe na majirani wanne. Mwaka 1955 Donald Peaceman na Henry Rachford, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya mafuta huko Houston, Texas, walitangaza njia ya kupokezana pande. Katika nusu ya kwanza ya hatua ya muda tunajifanya kwamba vimo visivyojulikana ni vya majirani wa mashariki na magharibi tu, na wale wa kaskazini na kusini tunatumia vimo vyao vya zamani. Hapo milinganyo hugawanyika katika safu 100 zisizotegemeana, na kila safu hutatuliwa peke yake kwa kwenda mbele mara moja na kurudi nyuma mara moja. Katika nusu ya pili tunageuza: kaskazini na kusini havijulikani, mashariki na magharibi vyajulikana. Safu moja ya visanduku 100 huhitaji hesabu 800 hivi. Safu 100 ni 80,000. Kwa pande mbili ni 160,000. Mashine ile ile iliyohitaji siku nne sasa huhitaji sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hatua 360 za mwezi mmoja mmoja, yaani miaka 30, ni kama dakika moja. Njia hii ndiyo iliyotumiwa kwa vimo vya maji katika programu ambayo Konikow na mwenzake John Bredehoeft waliitangaza mwaka 1978. Wataalamu wa mafuta walibuni, wataalamu wa maji wakarithi, kwa kuwa mafuta na maji hupita katika mchanga kwa kanuni moja.

Mbinu ya pili ni ya ajabu zaidi. Kuna njia ya zamani ya kutatua milinganyo hii kwa kurekebisha: kila kisanduku huwauliza majirani zake wanne vimo vyao, huchukua wastani, kisha zoezi hurudiwa hadi tarakimu zitulie. Njia hii ni rahisi hata darasani, lakini ni ya polepole mno. Sababu yake ni kwamba habari husafiri kisanduku kimoja tu katika kila mzunguko. Kama kisima kimechimbwa upande mmoja wa ramani, upande wa pili hautajua lolote mpaka mizunguko 100 ipite, na tarakimu hazitatulia mpaka mizunguko kama 10,000. Ni sawa na wilaya ambayo kila mwananchi aruhusiwa kuzungumza na jirani wa nyumba inayofuata tu: ugomvi wa jirani na jirani utamalizika siku hiyo hiyo, lakini jambo la wilaya nzima halitaafikiwa mwaka mzima.

Wilaya hazifanyi hivyo. Jambo hutoka kwa balozi wa nyumba kumi, likaenda kwenye tawi, kata, hadi wilayani, kisha uamuzi hurudi kwa njia hiyo hiyo. Mwanahisabati wa Kisovieti R. P. Fedorenko alitoa wazo la namna hiyo katika miaka ya 1961 na 1962, na Achi Brandt wa Israel akalikuza na kulieneza mwaka 1977. Baada ya mizunguko michache ya kurekebisha, makosa madogo ya jirani na jirani hutoweka, na yanayobaki ni makosa mapana yanayoenea ramani nzima. Hayo hupelekwa katika ramani yenye visanduku vikubwa mara mbili, ambako yaonekana kuwa mafupi. Kutoka hapo yanayobaki hupelekwa katika ramani kubwa zaidi, hadi ile yenye visanduku vichache ambavyo mtu angevitatua kwa mkono. Kisha masahihisho hurudishwa chini ngazi kwa ngazi. Gharama ya ngazi zote za juu ni ndogo kwa namna ya kushangaza: ikiwa ramani ya chini ina kazi 1, ya pili ina 1/4, ya tatu 1/16, na jumla ya mfuatano huo wote haizidi 4/3. Badala ya mizunguko 10,000 twamaliza kwa mizunguko kama kumi. Na ubora mkubwa ni huu: idadi ya mizunguko haiongezeki visanduku vinapoongezwa.

Kuna nyingine, kama ile ya Magnus Hestenes na Eduard Stiefel ya mwaka 1952, ambayo huchagua kwa busara upande wa kusahihisha katika kila hatua isirudie kosa lililokwisha kuondolewa. Hatutaieleza hapa. Pia siku hizi ramani hukatwa vipande na kila kipande kupewa sehemu yake ya mashine, zote zikafanya kazi kwa pamoja na kubadilishana habari mipakani.

Hadi hapa tumezungumzia kimo cha maji tu. Hesabu ya uchafu wenyewe ni ngumu zaidi, na hapa ndipo haraka huweza kudanganya. Tuangalie kwa makini, na msomaji achukue kalamu na karatasi.

Chora visanduku vitano kwa safu. Weka uchafu wa 100 katika kisanduku cha kwanza, vingine viwe 0. Tuseme katika kila hatua ya muda maji husonga nusu ya upana wa kisanduku. Basi njia iliyo nyepesi kupita zote ni kusema kwamba nusu ya kilichomo katika kila kisanduku huhamia kisanduku kinachofuata. Baada ya hatua ya kwanza tuna 50, 50. Baada ya pili: 25, 50, 25. Baada ya tatu: 12.5, 37.5, 37.5, 12.5. Baada ya nne: 6.25, 25, 37.5, 25, 6.25.

Je, ukweli ni upi? Maji yamesonga nusu kisanduku mara nne, yaani visanduku viwili. Kama hakuna mtawanyiko wowote, uchafu wote wa 100 ungekuwa katika kisanduku cha tatu, na kwingine kote 0. Hesabu yetu yasema kisanduku cha tatu kina 37.5 tu. Hakuna uchafu uliopotea, kwani ukijumlisha utapata 100, lakini umepakazwa kama rangi iliyomwagikiwa maji. Tuseme sheria yaruhusu kiwango kisichozidi 50. Mhandisi aliyeitegemea hesabu hii atawaambia wanakijiji wa kisanduku cha tatu kwamba maji yao ni salama, wakati yana mara mbili ya kiwango. Na wanakijiji wa kisanduku cha tano atawatia hofu ya uchafu ambao haujawafikia. Kosa hili huitwa mtawanyiko wa bandia, kwa sababu hufanana kabisa na mtawanyiko wa kweli wa mchangani, ila limezaliwa na hesabu. Hatari yake ni huko kufanana. Jibu lisilo na maana hugunduliwa na kila mtu, lakini jibu laini lenye sura ya ukweli huchapishwa na kutiwa sahihi.

Kosa hili laweza kupimwa. Hatua za muda zikiwa fupi sana, mtawanyiko wa bandia huwa sawa na ule ambao ungesababishwa na mchanga wenye kipimo cha mtawanyiko cha nusu ya upana wa kisanduku. Kwa visanduku vya mita 300 kama vya Colorado, hicho ni kipimo cha mita 150. Kipimo kilicholingana na hali halisi ya mahali pale, kwa mujibu wa Konikow, kilikuwa mita 30 hivi. Hesabu nyepesi ingelipakaza doa mara tano zaidi ya mchanga wenyewe.

Huenda mwanafunzi akauliza: mbona tusirefushe hatua ya muda? Swali zuri. Katika mfano wetu, hatua ikiwa ndefu kiasi cha maji kusonga kisanduku kizima, 100 yote huhamia kisanduku kinachofuata, na jibu ni sahihi kabisa. Lakini jaribu kuirefusha zaidi, maji yasonge visanduku viwili kwa hatua. Kanuni ile ile sasa yatuambia tuhamishe mara mbili ya kilichomo: kisanduku cha kwanza hubaki na −100, cha pili hupata 200. Hatua inayofuata hutoa 100, −400, 400. Uchafu ulio chini ya sifuri haupo duniani. Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy waliueleza mpaka huu mwaka 1928, kabla kompyuta hazijakuwapo: katika hatua moja, maji yasiruke kisanduku. Na ardhini mpaka huu ni mkali, maana karibu na kisima kinachovutwa kwa pampu maji hukimbia mara nyingi kuliko kwingineko. Kisanduku kimoja chenye kisima huwalazimisha wenzake elfu kumi kutembea kwa hatua zake fupi, na kwa hatua fupi hizo wale wa mbali, ambako maji husonga polepole, hupakazwa zaidi. Tumezibwa pande zote mbili.

Njia ya kutokea ilionyeshwa mwaka 1964 na A. O. Garder, Peaceman yule yule, na A. L. Pozzi. Badala ya kuhamisha uchafu kutoka kisanduku hadi kisanduku, tawanya punje za kuwaziwa katika maji, kila punje ikibeba tarakimu ya ukolezi wake. Katika kila hatua sogeza punje pamoja na maji, mahali popote zitakapofika, hata kama ni katikati ya kisanduku. Visanduku hutumiwa tu kwa kuhesabu mtawanyiko wa kweli, kisha punje hurekebishwa. Punje iliyosonga nusu kisanduku imesonga nusu kisanduku. Haigawanyiki, wala haipakazwi. Rudia mfano wetu kwa njia hii: punje yenye 100 husonga mara nne na kuwa katika kisanduku cha tatu, ikiwa bado na 100. Konikow alitumia njia hii, akiweka punje chache katika kila kisanduku, na kwa sababu hiyo visanduku vyake vikubwa vya mita 300 vilitosha. Hapo ndipo kasi ilipopatikana: kwa njia nyepesi angelazimika kutumia visanduku vidogo mara nyingi ili kupata ubora ule ule. Njia ya punje nayo ina kasoro yake. Punje zaweza kusongamana mahali na kupungua pengine, na jumla ya uchafu isibaki sawasawa kama ilivyobaki katika visanduku vyetu vitano. Kwa hiyo mtumiaji mwaminifu hukagua jumla hiyo katika kila hatua.

Hesabu za Colorado ziliifuata historia ya miaka 30 kwa usahihi mzuri. Jambo lililofunuliwa si kasi ya maji peke yake. Zilionyesha kwamba umbo la mwamba wa chini lilikuwa limeubana uchafu upite njia fulani, na kwamba maji ya umwagiliaji pamoja na yale yaliyovuja katika mifereji isiyosakafiwa yalikuwa yamesaidia sana kuuzimua. Mtu asingeliyajua hayo kwa kutazama sampuli za visima tu. Hata hivyo kadhia haikuishia hapo. Mwaka 1974 kemikali nyingine za kiwanda hicho zilipatikana nje ya mipaka yake, na baadaye ikajengwa mitambo ya kuyavuta maji mpakani, kuyasafisha na kuyarudisha ardhini. Mwaka 1992 ilipitishwa sheria ya kulifanya eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama, ambayo baadaye ilianzishwa, lakini usafishaji wa maji ya ardhini ulibaki kuwa kazi ya miongo mingi.

Twaweza kuuliza tena: kuna faida gani kupata jibu kwa dakika tatu badala ya saa kumi, ikiwa uchafu wenyewe husonga mita 73 kwa mwaka? Jibu ni kwamba hatuujui mchanga vizuri. Upenyezaji umepimwa katika visima vichache, na baina ya visima hivyo twakisia. Huko Borden, jimbo la Ontario nchini Kanada, mwezi Agosti 1982 watafiti waliingiza mita 12 za ujazo za maji yenye kemikali zilizopimwa katika mchanga ulioonekana kuwa wa namna moja, wakalifuata doa hilo kwa zaidi ya miaka miwili kupitia vituo vya sampuli vipatavyo 5,000. Hata katika mchanga huo uliosifiwa kwa usawa wake doa lilirefuka, na kemikali za kikaboni zilibaki nyuma ya kloridi kwa kuwa zilinata katika punje. Ikiwa hali ni hiyo pale palipopimwa mara elfu tano, je, pale palipo na visima sita?

Kwa hiyo hesabu moja haitoshi. Hatuna budi kukisia mchanga kwa namna 200 zinazopatana na vipimo tulivyo navyo, kuhesabu kila moja, na kuona katika ngapi kisima cha kijiji huchafuka kabla ya miaka 20. Kwa saa kumi kila moja, kazi hiyo ni siku 83. Kwa dakika tatu, ni saa kumi tu, mtu huiacha jioni akaikuta asubuhi tayari. Mwenye njia ya polepole hulazimika kuchagua mchanga mmoja na kuapa kwamba ndio wenyewe. Mwenye njia ya haraka aweza kusema: katika makisio 200, kisima huchafuka katika 60. Siku hizi wapo wanaoifundisha kompyuta kukisia matokeo kutokana na hesabu zilizokwisha kufanywa, bila kutatua milinganyo upya. Huo ni wepesi mkubwa, lakini maswali ya mtawanyiko wa bandia na ya jumla kubaki sawa yapaswa kuulizwa huko pia, tena kwa ukali zaidi.

Programu za kazi hii si siri wala si za matajiri tu. Ile ya Idara ya Jiolojia ya Marekani iitwayo MODFLOW, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1984 na kufanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo, hutolewa bure pamoja na maandishi yake yote, na yaweza kutumiwa katika kompyuta ya kawaida.

Kwa wanafunzi: endeleeni na mfano wa visanduku kwa safu ya visanduku saba hadi hatua ya sita, kwa kuhamisha nusu kila mara. Kilele kitakuwa 31.25 katika kisanduku cha nne. Kisha anzeni upya kwa kuhamisha robo tatu badala ya nusu, hatua nne, na mlinganishe na kilele kinachopaswa kuwa katika kisanduku cha nne. Mtapata pale 42.1875. Wale waliokwisha kujifunza pembetatu ya Pascal watazitambua tarakimu za zoezi la kwanza, na wataweza kueleza kwa nini kilele huendelea kushuka kadiri hatua zinavyoongezeka.